Usimuulize Dadangu Anamaliza Lini

Wasee, leo sina vichekesho. Nina stori na nina deni, na acha nianze na deni.

Desemba iliyopita niliposti klipu ya sekunde arobaini. Mnaikumbuka, ile ya aina za watu kwa mkutano wa familia. Kulikuwa na mjomba wa siasa, kulikuwa na shangazi wa kuuliza mambo ya ndoa, halafu mwishoni akatokea mhusika mmoja wa miwani na begi la laptop: "yule wa PhD tangu enzi za Kibaki." Mlicheka sana. Hakuna klipu yangu nyingine imewahi kuzunguka vile. Hadi mwalimu wangu wa shule ya upili aliisambaza.

Shida ni kwamba yule mhusika sikumtunga. Ni dadangu. Siku hiyo ushago, mbuzi akiwa bado kwa moto, mjomba alimuuliza mbele ya watu wote, "Daktari, kwani bado tu?" Watu wakacheka, yeye pia akacheka, na mimi nikaona hapo kuna klipu.

Alinitumia ujumbe wa neno moja: "Imechekesha." Na nukta mwishoni. Kisha akaacha kushika simu zangu.

Mwezi wa pili alibisha mlango wangu akiwa na begi, akalala siku mbili. Siku ya tatu, tukinywa strungi, ndipo aliniambia. Kwa wiki kadhaa alikuwa anamuaga mama asubuhi kwamba anaenda maktaba. Hakuwa anaenda. Alikuwa anapanda matatu Githurai hadi tao, anashuka, anapanda nyingine kurudi, anarudia tena. Nikamuuliza kwa nini. Akasema kwa matatu makanga anakuuliza tu unashukia wapi, na hilo jibu yeye alikuwa nalo.

Yuko mwaka wa saba. Sura yake ya tatu ilikuwa imekaa kwa msimamizi miezi saba bila neno. Si eti amefeli. Hakuna mtu amemwambia chochote, na hicho ndicho kilikuwa kinamla.

Mimi ni mtu wa historia. Nikiwa sielewi kitu, nauliza kilianza lini. Kwa hivyo nikaanza kuuliza hii PhD ilitoka wapi na nani aliipanga hivi. Nilichopata kimenibadilisha mawazo. Nilidhani dadangu alikuwa dhaifu kidogo. Sasa nadhani anabeba kitu ambacho tangu mwanzo kilitengenezwa kibebwe na mtu mmoja peke yake.

Twende Berlin, mwaka wa 1810. Prussia ilikuwa imepigwa vibaya na Napoleon miaka minne kabla, na ilikuwa imepoteza chuo kikuu chake kikubwa cha Halle. Wilhelm von Humboldt akasukuma chuo kipya kianzishwe Berlin kwa wazo moja: profesa asirudie tu vitabu vya zamani, afundishe huku akitafiti, na mwanafunzi naye atafute maarifa mapya. Cheo cha udaktari kilikuwepo Ulaya tangu karne za kati, lakini hii PhD tunayoijua, ya utafiti mpya na tasnifu, ilikomaa huko Ujerumani. Hadi leo Wajerumani humwita msimamizi wa PhD "Doktorvater", yaani baba wa udaktari wako. Fikiria hilo neno. Una baba mmoja. Akiwa mzuri, umebarikiwa. Akiwa na shughuli nyingi au hakupendi, manze, pole.

Wamarekani waliokwenda kusoma Ujerumani wakarudi nayo kwao, na Yale ikatoa PhD za kwanza Marekani mwaka wa 1861. Waingereza walichelewa. Oxford ilianzisha yake mwaka wa 1917, moja ya sababu ikiwa kuwavuta wale wanafunzi wa Marekani waliokuwa wakikimbilia Ujerumani. Mtindo wa Kiingereza ukawa mwembamba hata zaidi: wewe, msimamizi wako, na miaka kadhaa ya ukimya hadi siku ya kutetea tasnifu. Na sisi unajua tulirithi kwa nani.

Lakini kabla tufike Nairobi, kuna mzee mmoja lazima mkutane naye. William James wa Harvard, mmoja wa waanzilishi wa saikolojia Marekani. Yeye mwenyewe alisomea udaktari wa tiba, hakuwahi kuwa na PhD, na akiwa kijana alipitia kipindi kirefu cha huzuni nzito iliyomlaza chini. Mwaka wa 1903 aliandika makala akiifananisha PhD na pweza anayeeneza mikono kila mahali. Alieleza kisa cha mwanafunzi wao hodari wa falsafa aliyeajiriwa kufundisha fasihi katika chuo kingine. Ilipogunduliwa hana PhD, wenye chuo wakaingiwa na wasiwasi. James na wenzake wakajaribu kueleza kwamba jamaa anafaa kabisa na kwamba PhD ya falsafa haitamfanya afundishe fasihi vizuri zaidi. Wapi! Ikabidi aandike tasnifu huku akifundisha. Ya kwanza ikakataliwa. Mwaka uliofuata akafaulu, na kazi yake ikaokoka.

James hakuishia hapo. Alizungumzia wale wasiofaulu, wanaotoka wakijiona si kitu ingawa ni watu wa maana. Na akawaambia wahadhiri wenzake jambo gumu: kwamba ni wao wenyewe wanaotengeneza kundi jipya la watu wanaoonekana wameanguka maishani. Hiyo ni 1903, wasee. Zaidi ya miaka 120 iliyopita.

Na kuna waliofaulu na bado wakanyimwa. Mary Whiton Calkins alisoma na James huyo huyo, akakamilisha kila kilichotakiwa kwa PhD mwaka wa 1895, na walimu wake wakakubali anastahili. Harvard ikakataa kumpa kwa sababu ni mwanamke. Baadaye alipoahidiwa ya Radcliffe, chuo cha wanawake kilichokuwa pembeni ya Harvard, aliikataa. Aliendelea na kazi hadi akawa rais wa Chama cha Wanasaikolojia wa Marekani.

Sasa tuje nyumbani.

Wangari Maathai mnamjua kwa miti na kwa Tuzo ya Nobel. Wengi hatujui stori ya PhD yake. Alirudi kutoka Marekani mwanzoni mwa 1966 akiwa na barua ya kazi ya usaidizi wa utafiti katika idara ya zoolojia, chuoni Nairobi. Alipofika akakuta kazi imepewa mtu mwingine. Yeye aliamini ni kwa sababu ya jinsia yake na kabila lake. Alizunguka miezi akitafuta, hadi profesa mmoja Mjerumani, Reinhold Hofmann, akamchukua kwenye idara ya anatomia ya mifugo. Ndiye aliyemhimiza aendelee na PhD, na mwaka wa 1967 akaenda Giessen na Munich kwa utafiti. Akarudi 1969, akaolewa, akafundisha, akapata mtoto, na mwaka wa 1971 akapata PhD yake. Mwanamke wa kwanza Afrika Mashariki na ya Kati.

Hiyo stori tumezoea kuisimulia hivi: ona, mama alijikaza. Ni kweli alijikaza. Lakini isome tena polepole. Alikuwa na ajira ya kufundisha. Alikuwa na msimamizi aliyemfungulia mlango baada ya mwingine kufungwa. Nguvu zake peke yake zilikuwepo tangu Januari 1966, na hazikumpa kazi hadi alipotokea mtu. Tunapenda kumsifu aliyesimama, tunasahau kuuliza ni nani alimshika mkono.

Songa mbele hadi 2014. Tume ya Elimu ya Vyuo Vikuu hapa Kenya ikatoa vigezo vipya: ukitaka kuwa mhadhiri, lazima uwe na PhD. Waliokuwa wanafundisha na shahada ya uzamili wakapewa miaka michache wajipange. Nia ilikuwa nzuri. Mimi pia nataka nifundishwe na mtu anayejua. Lakini maelfu ya watu wazima, wenye watoto, mikopo na mzigo wa kufundisha, wakaingia PhD kwa wakati mmoja, na wasimamizi hawakuota kama uyoga. Dadangu alikuwa mmoja wao. Alikuwa anafundisha, anapenda kufundisha, akaambiwa bila PhD hakuna kupanda. Yule kijana wa James wa 1903 na dadangu wangekaa meza moja na kuelewana bila mkalimani.

Na sitaki kuwatupia wasimamizi mawe. Mhadhiri anayefundisha madarasa manne, anayesahihisha mamia ya karatasi, ambaye mshahara wake umekuwa sababu ya migomo mara ngapi sijui, huyo naye ukimuuliza sura ya tatu iko wapi, pengine anaamka usiku kwa sababu yako. Mtu mmoja amefungwa na mwingine mmoja, na wote wawili wamechoka.

Kuna waliojaribu kupima uchovu huu. Mwaka wa 2017 watafiti wa Ubelgiji walichapisha utafiti wa wanafunzi 3,659 wa PhD eneo la Flanders. Asilimia 32 walikuwa katika hatari ya kupata tatizo la afya ya akili, hasa msongo wa mawazo, kiwango kilichozidi cha watu wengine wenye elimu ya juu. Na mambo yaliyohusiana na hali hiyo yalikuwa ya kawaida kabisa: kazi kuingilia familia, mzigo mkubwa, kukosa usemi juu ya kazi yako mwenyewe, na namna msimamizi anavyoongoza. Mwaka wa 2018 utafiti mwingine wa watu 2,279 kutoka nchi 26, wengi wao wa PhD, ulikuta asilimia 39 wana dalili za msongo wa mawazo za wastani hadi kali. Huo wa pili watu walijitolea kujibu, kwa hivyo inawezekana walioumia ndio walijitokeza zaidi. Hata ukipunguza, bado ni watu wengi sana kusema wote ni wavivu.

Swali lililonisumbua ni hili: kwa nini dadangu alichagua matatu badala ya kuniambia?

Hapo historia yetu wenyewe inaingia. Matatu za Githurai hupita Thika Road, na Thika Road hupita Mathari. Hospitali hiyo ilianza mwaka wa 1910 kama nyumba ya Waingereza ya kuwafungia waliowaita vichaa. Zaidi ya karne moja baadaye, jina hilo bado ni tusi. Sisi wenyewe tumelitumia. "Wewe ni wa Mathari." Dadangu alikuwa anapita hapo mara nne kwa siku, na kila mara, aliniambia, anaangalia upande ule mwingine.

Kuanzia 1938 hospitali hiyo iliongozwa na daktari mmoja wa kikoloni, J. C. Carothers. Mwaka wa 1953 Shirika la Afya Duniani lilichapisha kitabu chake kuhusu akili ya Mwafrika. Aliandika kwamba huzuni ya kiugonjwa ni nadra kwa Waafrika, na akalinganisha akili ya Mwafrika na ya Mzungu aliyefanyiwa upasuaji wa sehemu ya mbele ya ubongo. Mwaka uliofuata serikali ya kikoloni ikachapisha ripoti yake nyingine, iliyoigeuza Mau Mau kuwa shida ya kichwa badala ya shida ya ardhi. Daktari Mnigeria Thomas Adeoye Lambo alipinga mawazo hayo, na utafiti alioufanya na Wamarekani kati ya Wayoruba, uliochapishwa 1963, ukaonyesha kwamba dalili za huzuni zilikuwepo kwa wingi. Carothers hakuziona. Labda hakujua kuuliza.

Sasa fikiria. Ni mara ngapi umesikia mzee akisema msongo wa mawazo ni ugonjwa wa wazungu, sisi Waafrika hatuna hayo? Mjomba wangu husema hivyo kila Krismasi akidhani anatetea mila zetu. Hajui anarudia maneno ya daktari wa mkoloni.

Halafu sheria nayo. Kifungu cha 226 cha Kanuni ya Adhabu, urithi wa enzi hizo hizo, kilimfanya mtu aliyejaribu kujiua kuwa mhalifu. Ulikuwa unatoka hospitali unaingia seli. Ni Januari 2025 tu ndipo Mahakama Kuu iliamua kifungu hicho kinakiuka Katiba. Katika nchi ambayo maumivu yako yangeweza kukupeleka kortini, na kicheko cha familia kinakungoja nyumbani, kupanda matatu na kunyamaza ni jambo linaloeleweka.

Sasa tufanye nini? Maana stori ya shida bila njia ya kutokea ni kuongezeana mzigo.

Kuna jaribio moja linalonipa moyo, na liko hapa hapa Nairobi. Linaitwa CARTA, muungano wa vyuo vikuu na vituo vya utafiti vya Afrika ulioanza 2008, ukiongozwa na kituo cha APHRC cha Nairobi pamoja na Chuo Kikuu cha Witwatersrand cha Afrika Kusini. Wahadhiri wanaofanya PhD huingia kwa kundi. Hukutana kwa semina nne kubwa za pamoja, kila moja ikilenga hatua fulani: kutoka kupanga wazo hadi kuandika na kujiandaa kwa maisha baada ya PhD. Sisemi wao hawalii usiku. Nasema wakilia kuna mtu wa kundi lao anayejua sura ya tatu ni nini. Unaona tofauti? Hawakubadilisha watu kuwa ngumu zaidi. Walibadilisha idadi ya watu waliobeba.

Vyuo vingine haviwezi kusema havina pesa za hayo yote. Kuweka sheria kwamba sura ijibiwe ndani ya wiki kadhaa haigharimu chochote. Kumpa mwanafunzi msimamizi wa pili ambaye kweli anasoma, au mtu wa kumlalamikia bila kuogopa kulipiziwa, si anasa. Kuwakutanisha wa PhD kila mwezi chumba kimoja na chai, hiyo ni thermosi mbili na mandazi. Na washauri nasaha wa chuo waache kudhani kazi yao ni ya wanafunzi wa mwaka wa kwanza pekee. Huyo mwenye mvi na begi la laptop pia ni mwanafunzi.

Na sisi wa nje? Tuache kuuliza "unamaliza lini". Najua tunauliza kwa upendo. Lakini yeye mwenyewe hajui, na hilo ndilo linamuumiza. Uliza "siku hizi unasoma nini?" Uliza "umekula?" Mwambie "njoo tukae, lete laptop, mimi nitaosha vyombo." Ukiona amebadilika, halali au amelala mno, hashiki simu, amepoteza hamu ya kila kitu, usimwachie maombi peke yake. Msindikize kwa mtaalamu. Msalaba Mwekundu wa Kenya wana nambari ya bure, 1199, ya kuongea na mshauri. Na kama anazungumzia kufa, usimwache peke yake siku hiyo.

Dadangu alianza kumwona mshauri mwezi wa tatu. Nilimsindikiza mara ya kwanza, nikakaa nje nikisoma bango la chanjo mara kumi. Aliandika barua kwa idara akiomba msimamizi wa pili. Ilichukua muda, lakini alipewa. Sura ya tatu ilirudi na maoni ya kurasa kumi na moja, mengine makali, na unajua alifanya nini? Alifurahi. Aliniambia, "Angalau kuna mtu amesoma."

Hajamaliza. Huenda akamaliza mwaka ujao, huenda akaamua kuacha, na akiacha atakuwa dadangu yule yule aliyenifundisha kusoma kwa kutumia gazeti la kufungia nyama. Ile klipu niliifuta. Nilimuuliza kabla ya kuandika haya yote, akasoma mara mbili, akasahihisha koma tatu, kisha akasema posti.

Jumapili tunaenda ushago. Mjomba atakuwepo. Nimeshamwambia kwamba swali lake la kawaida, mwaka huu aniulize mimi.